Kaka wa jaketi la njano pale Cape Town, asante sana

Jamani sijui hata jina lako ila lazima niseme. Mimi ni Mtanzania, najitolea na kanisa huku Manenberg, mtaa mmoja wa Cape Town, kwa vijana ambao magenge yanawawinda tangu wakiwa na miaka kumi hivi. Mtaa wenyewe ulijengwa na serikali ya makaburu kuwaweka watu waliofukuzwa sehemu kama District Six iliyotangazwa ya wazungu 1966, kwahiyo hasira za pale zina mizizi mirefu, usizione tu kwenye taarifa ya habari.

Ijumaa ile dogo mmoja alinitoroka mjini, nikazunguka mpaka saa nne usiku nalia na kusali kwa Kiswahili kwa sauti, aibu yote imeisha, ndo nikasikia “Dada, unatafuta mutoto?” Kumbe we Mkongo, mlinda magari, umeshamkalisha kwenye kreti, umemvisha sweta lako na mmegawana mkate na chipsi, wewe mwenyewe unatetemeka kwa upepo. Nikatoa hela ukakataa, ukasema “Mungu njo analipa, wende tu, taksi itakuacha.”

Kaka, mimi ndo nafundisha habari ya Msamaria kila Jumapili! We hata hukuniuliza nasali wapi.

Dogo sasa haji mpirani bila hilo sweta. Nimepita pale mara tatu nikuletee jingine, sijakukuta. Wenzako wanalo, waliniahidi watakupa.