Barua kwa mwanangu aliye Lodwar: Eratosthenes ni mtu mmoja

Maseno, Agosti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo. Mvua imetupumzisha wiki hii, na mahindi yanakauka vizuri juani. Baba yako anakuomba ukija Desemba umletee samaki wa Ziwa Turkana, maana wa huku amewala maisha yake yote.

Ulinieleza kwenye simu kwamba darasa lako la hisabati limegawanyika. Walilikuta jina la Eratosthenes kwenye somo la nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kisha yule kijana wa dawati la nyuma akalitafuta kwenye intaneti, akalikuta mwezini, chini ya bahari na kwenye kompyuta. Sasa nusu ya darasa inashikilia kwamba hao ni watu mbalimbali walioitwa jina moja, kama kina Otieno walivyo wengi Kisumu. Uliniuliza uwaambie nini. Jambo hili nimelifundisha miaka mingi kwenye jiografia na bado nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Waambie ni mtu mmoja. Alizaliwa yapata mwaka 276 K.K. katika mji wa Cyrene, pwani ya nchi tunayoiita leo Libya. Alisoma Athens, halafu mfalme Ptolemy III akamwita Misri asimamie ile Maktaba kubwa ya Alexandria, na huko huko Alexandria akafia akiwa mzee wa miaka themanini hivi. Lugha yake ilikuwa Kigiriki na ikulu aliyoitumikia ilikuwa ya Wagiriki. Usiwaambie watoto vinginevyo ili tu kuwafurahisha. Lakini alizaliwa Afrika, akafia Afrika, na kazi iliyomjengea jina aliifanya kati ya miji miwili ya Afrika. Hilo litamke darasani kwa sauti, kwa sababu vitabu vingi hulipita kimya.

Tena wale wanaoshika nafasi ya pili kila muhula waambie lakabu yake. Walimwita Beta, yaani herufi ya pili, kwa kuwa katika kila fani, iwe ushairi, nyota, hesabu au ramani, kulikuwa na mmoja aliyehesabiwa kuwa mbele yake. Hata hivyo Archimedes, ambaye hakuna aliyemweka wa pili, alipotaka kumweleza mtu njia zake za ndani za kuvumbua, alimwandikia huyo Beta.

Sasa tuanze na mwezini, kwa sababu hapo jina limewekwa kwa heshima tu, wala mwenyewe hakugusa kitu. Mwaka 1651 padri wa Italia, Giovanni Riccioli, alichapisha ramani ya mwezi na kugawia kreta zake, yale mashimo makubwa ya duara, majina ya wanazuoni. Ya Eratosthenes ina upana wa karibu kilomita 58, nayo iko mwishoni mwa safu ya milima iitwayo Apenninus. Anga la Lodwar halina mawingu kama letu. Kama shule ina darubini ndogo, wangoje siku moja hivi baada ya mwezi kufika nusu. Kingo zake zitakuwa zimepigwa na mwanga wa upande na ndani kumejaa kivuli.

Miaka ya 1920 mtaalamu wa elimu ya nyota wa Marekani, William Pickering, aliitazama kreta hiyo akiwa Jamaika, akaona madoa meusi yakibadilika kadiri jua lilivyopanda huko mwezini. Akapendekeza kwamba huenda ni makundi ya wadudu au wanyama wanaohama. Sisi wa ziwani tumeona mawingu ya wadudu yakiinuka juu ya maji kama moshi, kwa hiyo naelewa jinsi macho yanavyoweza kumpeleka mtu huko. Mwezini hakuna wadudu wala hewa. Ni mwanga na kivuli vilivyokuwa vikihama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Eugene Shoemaker na mwenzake walipopanga umri wa miamba ya mwezi, walichukua jina la kreta hiyo wakakipa kipindi kizima, takribani kuanzia miaka bilioni 3.2 hadi bilioni 1.1 iliyopita. Hoja yao mwanafunzi yeyote anaweza kuifuata. Kreta ya Copernicus, iliyo jirani, imezungukwa na mistari myeupe ya vumbi lililoruka ilipogongwa. Ya Eratosthenes haina mistari tena, imefifia, ingawa kingo zake bado ni kali. Basi ni ya zamani kuliko ile ya Copernicus. Hivyo jina la aliyepima dunia limegeuka kuwa jina la wakati, na wakati wenyewe ni mrefu kuliko umri wa mnyama yeyote aliyewahi kutembea duniani.

Habari ya baharini ni fupi zaidi. Kusini mwa Cyprus, upande wa kuelekea Misri, kuna mlima mkubwa chini ya maji uitwao Eratosthenes. Kilele chake kiko karibu mita 700 chini ya uso wa bahari, na mwaka 1995 meli ya utafiti iliutoboa kuchukua sampuli za miamba. Na Limassol, huko huko Cyprus, kuna kituo cha kuichunguza dunia kwa setilaiti chenye jina lake. Hicho nakikubali zaidi kuliko mlima, kwa sababu kupima dunia ndiyo ilikuwa kazi yake.

Chekecheke lakini, ile njia ya kuzichuja nambari tasa, hilo ni lake mwenyewe. Hapo jina na kazi vimekwenda pamoja, na hapo ningependa ukae na wanafunzi wako muda mrefu. Usiwape kama kanuni ya kukariri. Watoe nje, mchanga wa Turkwel mnao wa kutosha, waandike 2 hadi 100 kwa safu. Waiache 2, wafute vigawe vyake vyote: 4, 6, 8 hadi mwisho. Waiache 3, wafute 9, 15, 21 na kuendelea. Kisha 5, kisha 7. Halafu wasimame. Atakayeuliza kwa nini wasiendelee na 11, mpe nafasi ajijibu: kigawe cha kwanza cha 11 ambacho kingekuwa hakijafutwa bado ni 121, nacho kiko nje ya uwanja wao. Zitakazobaki mchangani ni nambari 25, na zote ni tasa.

Kinachonivutia kila mara ni kwamba Eratosthenes hakuisumbua nambari hata moja kwa kuigawanya. Alihesabu kwa hatua, mbilimbili, tatutatu, na zisizotakiwa zikaanguka zenyewe. Habari hii imetufikia kupitia Nicomachus, aliyeandika karne tatu hivi baada yake, na ndiye anayeliita chekecheke la Eratosthenes.

Ndiyo maana kijana wako alilikuta kwenye kompyuta. Hatua za namna hiyo, fupi, zinazorudiwa bila kuchoka, ndizo mashine inazozipenda. Mwaka 1981 jarida la Marekani liitwalo Byte lililichukua chekecheke hilo na kulifanya mtihani: liandikwe katika lugha mbalimbali za programu, liendeshwe kwenye mashine mbalimbali, ionekane ipi ina kasi. Hadi leo anayejifunza kuandika programu hulipitia mapema.

Na jina halikukomea kwenye mazoezi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kufunga ujumbe kwa siri kwa kutumia nambari tasa mbili kubwa sana zilizozidishwa. Anayetaka kuvunja kufuli lazima arudi nyuma azipate zile mbili, na njia kali kuliko zote zinazojulikana za kufanya hivyo kwenye kompyuta za kawaida bado huitwa chekecheke, ingawa ndani yake mna hesabu ambayo Eratosthenes asingeitambua. Mwaka 2020 watafiti waliitumia kutenganisha nambari yenye tarakimu 250. Hata anayetafuta nambari tasa mpya ya kufungia siri zake huanza kwa kuzitupa zile zinazogawanyika kwa tasa ndogo, na orodha ya hizo ndogo hupatikana kwa kazi ile ile mtakayoifanya mchangani.

Kazi yake ya pili ndiyo inayotuhusu mimi na wewe moja kwa moja.

Alijua kwamba huko Syene, mji tunaouita leo Aswan, katika siku ndefu kuliko zote mwezi Juni, jua la utosini huingia kisimani hadi chini, na nguzo hazina kivuli. Alexandria, adhuhuri ya siku hiyo hiyo, kivuli kilikuwapo. Akapima pembe yake, akapata sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2. Jua liko mbali mno na miale yake hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo tofauti ile ilitokana na kupinda kwa ardhi yenyewe. Umbali kati ya miji ile miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki. Akazidisha mara hamsini, akapata mzingo wa dunia wa stadia 250,000, na hesabu inayotajwa baadaye ni 252,000. Kitabu chake kimepotea. Aliyetuhifadhia maelezo ni mwandishi wa baadaye, Cleomedes.

Waandishi wengi hukimbilia kusema alikosea kwa asilimia moja tu. Usiwafundishe hivyo. Stadia zilikuwa za urefu mbalimbali. Ukichukua ya mita 157.5, unapata karibu kilomita 39,700. Ukichukua ya mita 185, unapita kilomita 46,000. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,008. Tena Aswan haiko kusini kamili ya Alexandria, imesogea mashariki kwa nyuzi tatu hivi. Mimi simheshimu kwa asilimia. Namheshimu kwa sababu aliupata ukubwa wa dunia nzima bila kuizunguka, kwa kivuli kimoja na umbali mmoja, kisha akaiacha njia wazi hivi kwamba mtoto wa shule aweza kumfuata na kumsahihisha.

Na sisi tumebarikiwa mahali. Yeye alihitaji kungoja Juni na kutegemea kisima cha mji wa mbali. Hapa Maseno ikweta inapita kando ya barabara ya Busia, pale ambapo watu hushuka garini wapigwe picha. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, jua la adhuhuri linasimama juu yetu na kivuli cha nguzo kinajificha chini ya nguzo yenyewe. Wewe uko kaskazini kwangu kwa nyuzi tatu na ushee. Mimi ni Syene, wewe ni Alexandria.

Basi tuifanye tarehe 23 Septemba. Simamisheni nguzo ya mita mbili uwanjani, iliyonyooka kwa timazi, kwenye sakafu iliyosawazishwa. Ncha ya kivuli huwa na ukungu, hivyo pigilieni juu yake kipande cha kadibodi chenye tundu dogo, kisha mpime katikati ya doa la mwanga litakaloanguka chini. Umbali upimwe kuanzia pale uzi wa timazi ulioshushwa kutoka tunduni unapogusa sakafu. Waanze kuweka alama saa sita na robo, kila baada ya dakika mbili, wasiache hadi saa saba kasoro robo. Alama iliyo karibu zaidi na nguzo ndiyo adhuhuri yenu ya kweli, nayo itaangukia saa sita na nusu hivi. Jua litafika kwenu dakika nne hivi kabla ya kufika kwangu. Doa litakuwa upande wa kaskazini, kwa sababu siku hizo jua limeshawapita likielekea kusini.

Umbali wachukue kwenye ramani, kutoka mstari wa Maseno hadi mstari wa Lodwar, kaskazini moja kwa moja. Wasihesabu barabara, maana ya kwetu inazunguka Kitale na Kapenguria. Watapata kilomita 345 hivi. Akitokea mwanafunzi wa kuuliza walioichora ramani walijuaje, usimnyamazishe. Wapimaji walipita ardhini na minyororo na pembetatu, na swali lake ni zuri kuliko somo lenyewe.

Nakuandikia wewe peke yako kwamba kivuli kitakuwa karibu sentimita 11. Wao usiwaambie. Watoto wakijua jibu, mkono utalisogelea. Waambie tu kwamba milimita moja ikikosewa kwenye nguzo ya mita mbili, dunia inavimba au kusinyaa kwa zaidi ya kilomita 300, waone wenyewe kwa nini mtu hulala chini na rula kwa subira.

Binamu zako wameshanichagulia nguzo, na mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani atakuja na watoto wake. Siku hiyo ukishapata kipimo chako, nipigie kabla ya kupiga hesabu. Weka simu kwa sauti ya juu darasani, na mimi niweke yangu hapa uani, watoto wa pande zote mbili waihesabu pamoja. Na usisahau kununua vocha mapema.

Ni mimi mama yako.