Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wadhamini na Hoki Tunayoitazama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Masuala ya ada, uandikishaji na hesabu yamo katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sina la kuongeza. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotawala vikao vyetu na barua zenu nyingi: wingi wa udhamini wa kampuni katika hoki ya barafu.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba chama hiki cha mashabiki hakipingi udhamini. Hoki ya barafu ni mchezo wa gharama kubwa, kwa kuwa uwanja wenyewe lazima ugandishwe kwa mitambo. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, mapato yatokanayo na mchezo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya wamiliki wa klabu na wachezaji, hivyo fedha ya tangazo humfikia pia mchezaji tunayemshangilia. Hatuna kinyongo na hilo.

Tunacholalamikia ni mahali matangazo yanapowekwa. Yale yaliyochorwa kwenye mbao za pembeni zinazouzunguka uwanja tuliyazoea zamani, kwa sababu yalitulia na kuuacha mchezo uendelee mbele yake. Msimu wa 2020/21, viwanja vingi vikiwa vitupu kwa sababu ya janga la korona, NHL iliruhusu nembo za wadhamini kwenye kofia ngumu za wachezaji, na wengi wetu tuliichukulia kuwa hatua ya dharura. Dharura ilipita, nembo zikabaki. Msimu wa 2022/23 zikaingia kwenye jezi, kipande cha inchi 3 kwa 3.5, na msimu huohuo mbao za pembeni zikaanza kufunikwa kwa picha za kompyuta ambazo mtazamaji wa televisheni huziona ilhali aliyeketi uwanjani hazioni.

Picha hizo ndizo zilizowaudhi wanachama kuliko jambo lolote. Paki ni kisahani kidogo cheusi ambacho shuti kali hukirusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na hata mtazamaji mzoefu hukifuata kwa kukisia kutokana na miili ya wachezaji. Beki anapong'ang'ania paki kwenye kona, huku nyuma yake rangi za ukuta zikibadilika ghafla, jicho huvutwa na kile kinachosogea, na mpaka lirudi mchezoni, pasi imeshatolewa. Mwanachama wetu mmoja mwenye tatizo la macho alituandikia kwamba ameacha kutazama na sasa husikiliza mechi redioni. Barua hiyo niliisoma kwa uchungu, kwa kuwa mtu huyo hajauchoka mchezo, bali amezuiwa kuuona.

Kuhusu jezi, kamati haikuafikiana. Wapo waliosema kuwa jezi ya Montreal Canadiens, klabu ya NHL ya Kanada, yenye nembo ya benki imepungukiwa heshima. Wengine wakakumbusha kwamba katika ligi za Finland, Uswidi, Ujerumani na Uswisi jezi zimejaa matangazo toka zamani, wala mashabiki wa huko hawazipendi timu zao pungufu yetu. Mimi binafsi nimeshawishika na mfano wa Uswisi, ambako mfungaji bora wa kila timu huvaa kofia ya njano ya mdhamini na pointi zake huchangia fedha za kukuza vijana. Hapo shabiki anaona fedha inakokwenda.

Lipo pia suala la nguvu. Januari 2021, kampuni ya magari ya Škoda, mdhamini mkuu wa Mashindano ya Dunia ya hoki ya barafu, ilitangaza kwamba ingejiondoa iwapo Belarus ingebaki mwenyeji mwenza, na siku chache baadaye Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu likaiondoa Minsk, mji mkuu wa Belarus. Mwaka 2022, wadhamini wakubwa walipojitenga na Hockey Canada, shirikisho la hoki la Kanada, kwa sababu ya namna ilivyoshughulikia madai ya unyanyasaji wa kijinsia, bodi nzima na mtendaji mkuu waliondoka ilipofika Oktoba. Uamuzi wa mara zote mbili naukubali kwa moyo wote. Hata hivyo, inaniumiza kwamba mashabiki walikuwa wamekwisha kupaza sauti, na milango ikafunguka pale tu fedha ilipotishia kuondoka. Itakuwaje siku mdhamini atakapotaka jambo tusilolitaka?

Swali hilo lilitufikia sisi wenyewe. Mwaka huu kampuni moja ya kubeti ilijitolea kulipia gharama zote za chama, kwa sharti kwamba jina lake liwekwe kwenye barua na vitambulisho vyetu. Mjadala ulikuwa mrefu na wa heshima, maana akiba yetu ni ndogo. Tulizingatia kuwa wanachama wetu ni pamoja na watoto, na kwamba jimbo la Ontario nchini Kanada lilifikia hatua ya kupiga marufuku, kuanzia Februari 2024, kuwatumia wanamichezo katika matangazo ya kamari, isipokuwa yale ya kuhimiza uangalifu. Kamati ilikataa fedha hizo. Wajumbe wawili walitaka msimamo wao tofauti uandikwe katika muhtasari, nao umeandikwa.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza ni idhini ya kuiandikia NHL, tukiomba picha za mbao za pembeni zisibadilike wakati paki iko mchezoni. Mapumziko ni mengi, na hapo wadhamini wana nafasi ya kutosha. La pili ni nyongeza ndogo ya ada, ili pengo la fedha tulizokataa lizibwe na sisi wenyewe. Rasimu ya barua na makadirio ya ada vimeambatanishwa, na kura itapigwa mara baada ya maswali yenu.