Risala ya Kamati ya Kupinga Tumbaku ya Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Kisiwa cha Kadavu, Fiji, Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ratu wetu, chifu wetu, na wazee wa vanua, ardhi yetu na watu wake,
Turaga ni Koro, mkuu wa kijiji chetu,
Mchungaji wetu,
Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi,
Nesi wetu mpendwa,
Wageni mliotoka Suva na vijiji jirani,
Kina mama, kina baba na vijana,

Bula vinaka!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeituliza bahari asubuhi ya leo ukavuka salama. Tunajua una majukumu mengi, na visiwa vinavyokuhitaji ni vingi. Hata hivyo umekuja, umeketi nasi juu ya mkeka, sevusevu yako, zawadi ya kuomba kupokelewa, tumeipokea, na bilo ya kwanza, kikombe cha kifuu cha yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, umeinywa bila kusita. Kwa heshima hiyo tunasema vinaka vakalevu, asante sana. Kwako wewe hii ni mara ya kwanza kufika hapa. Kwa sisi ni mara ya nne kusoma risala siku kama ya leo, hivyo tunaomba utuwie radhi pale utakapoona tunafanya haraka kulifikia ombi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Kamati hii ilianzishwa na kina mama saba wa kanisa waliokuwa wakisuka mikeka ya voivoi ndani ya ukumbi huu, huku wakikohoa moshi wa waume zao walioizunguka tanoa, bakuli la yaqona. Hapa kwetu yaqona na tumbaku vimezoeana. Bilo ikizunguka, na suki nayo inazunguka: tumbaku yetu ya kienyeji, imesokotwa kama kamba, inakatwa, inaviringishwa kwenye kipande cha gazeti na kuwashwa. Mpaka usiku wa manane, na watoto wamelala pembeni. Kina mama wale walimwendea Turaga ni Koro, naye akawapeleka kwa wazee. Wazee walikuwa wameshasikia habari za Nabila, kile kijiji cha magharibi ya Viti Levu, kisiwa kikubwa cha Fiji, ambacho watu wake walikubaliana kuiacha tumbaku, wakalitia neno hilo tabu, yaani mwiko, kwa sherehe ya yaqona. Wazee wetu wakasema: kama tunaweza kuufunga mwamba miezi na miezi ili samaki wazaliane, tutashindwaje kuufunga ukumbi? Ukafungwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyewasha sigara chini ya paa hili.

Tunaona fahari kubwa kukutaarifu kuwa kutokana na hatua hiyo ya kihistoria, kijiji chetu leo ni mfano kwa Kadavu nzima, na hatuoni haya kusema kwa Pasifiki yote. Tumesimamisha vibao vinne vya kukataza uvutaji: ukumbini, kanisani, shuleni na pale boti zinapotia nanga. Wanafunzi wetu wametunga meke, ngoma yetu ya kuimba na kucheza, kuhusu madhara ya tumbaku, na umeiona mwenyewe. Meke hiyo imechezwa katika vijiji vitatu vya jirani, na katika kimojawapo wazee waliomba irudiwe. Duka letu haliuzi tena sigara moja moja, wala halimuuzii mtoto aliyetumwa na babake. Hili la mwisho lilituchukua mwaka mzima wa talanoa, mazungumzo ya kuketi pamoja, kwa sababu mwenye duka ni ndugu yetu, na watoto wanaotumwa ni wetu.

Tunatambua pia juhudi za taifa letu. Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa Mei 2003, na Fiji iliuridhia Oktoba mwaka huo huo, miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziwaelimishe watu wake. Kifungu cha 14 kinazitaka ziwasaidie walionaswa wajinasue. Mwaka 2013 mawaziri wa afya wa visiwa vya Pasifiki walikutana Apia, Samoa, wakaweka lengo kwamba ifikapo 2025 wanaotumia tumbaku katika kila nchi yetu wawe chini ya asilimia 5 ya watu wazima. Mwaka 2025 ulifika, ukapita, na lengo hatukulifikia. Hatukulifikia sisi, na hawakulifikia ndugu zetu wa Kiribati na Nauru, ambako tumbaku imeenea kuliko karibu kote duniani. Hatulisemi hili kumlaumu mtu. Tunalisema kwa sababu sisi wa kijijini ndio tunaochimba makaburi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Kazi ya kifungu cha 12 hapa kwetu imefanyika. Hakuna mtu mzima katika kijiji hiki asiyejua tumbaku inafanya nini. Tumeona ndugu zetu wenye kisukari wakikatwa mguu, na nesi ametueleza mara nyingi kwamba sukari na moshi vinaishambulia mishipa ile ile ya damu. Muulize mvutaji yeyote aliyeketi hapa, atakwambia anataka kuacha. Shida yetu si kutojua. Shida yetu ni siku ya tatu.

Siku ya kwanza mtu ana furaha, amepigiwa makofi. Siku ya pili anajikaza. Siku ya tatu nikotini imeshautoka mwili na arosto inamkaba: usingizi hauji, mikono haitulii, anamfokea mkewe kwa sababu ya kikombe cha chai. Ipo dawa ya kumshika mkono mtu huyu. Ni chingamu na plasta za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Zinaupa mwili nikotini kidogo kidogo, bila moshi na bila lami, mpaka mtu azoee kuishi bila hiyo. Pamoja na dawa anahitajika mtu wa kumsikiliza, arudi tena wiki inayofuata, na inayofuata.

Mei 31 mwaka jana wanaume 23 walisimama mbele ya ukumbi huu, wakatoa pakiti na misokoto yao, wakaitupa shimoni na shimo likafukiwa. Wengine walilia. Picha zilipigwa, wageni wakaondoka, na tukaambiwa dawa zitafuata wiki hiyo hiyo. Siku ya nne mvuvi mmoja, baba wa watoto watano, alikwenda ufukweni mara tatu kutazama kama kuna boti inayokuja. Jioni alipita nyumbani kwa katibu, hakuketi, akauliza neno moja tu: “Imekuja?” Siku ya sita tulimwona nyuma ya shamba lake la dalo, yaani magimbi, akiwa na suki mdomoni, ameinamisha kichwa. Mheshimiwa, mtu yule hakuwa wa kwanza kuvunja ahadi.

Ilipofika mwisho wa Juni, kati ya wale 23 walikuwa wamebaki watano. Watano hao hawajarudi nyuma hadi leo. Tunaomba kwa ruhusa yako wasimame uwaone.

Ahsanteni, ketini.

Dawa zilikuwapo. Zilikuwa kabatini katika kituo cha afya, mwendo wa saa mbili kwa boti kutoka hapa. Nesi alikuwapo pia, na tunamshuhudia mbele yako kuwa hajapata kukataa kuja. Asichokuwa nacho ni chombo. Kisiwa chetu barabara zake ni chache, na kutoka kijiji hadi kijiji njia ni bahari. Ili afike kwetu humlazimu kukodi boti ya mvuvi. Mvuvi naye anataka petroli iliyochanganywa na oili, na siku anayombeba nesi hakuvua, watoto wake wale nini? Kwa hiyo nesi hufika mara moja kwa miezi miwili, bahari ikiridhia. Arosto haingoji miezi miwili.

Ombi letu basi ni boti. Ni ombi lile lile la miaka mitatu iliyopita, halijaongezwa wala kupunguzwa: boti moja ya faiba ya futi 23, injini yake ya nguvu ya farasi 40, maboya ya kuvaa ya watu wanane na redio ya mawasiliano. Iandikwe kwa jina la huduma ya nesi, na ihudumie vijiji vyote vya upande huu wa kisiwa, si chetu peke yake. Haitakuwa boti ya kuvulia wala ya kupelekea watu harusini. Ratu wetu amelisema hilo mbele ya wazee na limeshika. Vijana wawili wamejitolea kuwa manahodha bila malipo. Mafuta ya mwaka wa kwanza tutayabeba wenyewe: kina mama wamekusanya dola 2,140 kwa kuuza mikeka, na fedha hizo hazijaguswa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie tuseme jinsi ombi hili lilivyotembea. Mwaka wa kwanza tuliambiwa wazo ni zuri, tuandike barua. Tuliandika. Mwaka wa pili tuliambiwa barua haikuwa na bei. Tulipeleka bei kutoka maduka matatu ya Suva. Mwaka wa tatu, yaani mwaka jana, wazee walikaa usiku kucha, na asubuhi wakaleta tabua, jino la nyangumi.

Wewe ni mtoto wa vanua, huhitaji kuelezwa, lakini tunasema ili vijana wasikie. Jino la nyangumi halitolewi kwa mzaha. Anayelipokea amelipokea pamoja na ombi lililofungwa ndani yake, na tangu hapo neno limekuwa lake. Mgeni wetu wa mwaka jana alilipokea kwa mikono miwili, tukapiga cobo, makofi ya heshima, akasema mbele ya watu wote kwamba boti itafika kabla ya Krismasi. Vijana wakaanza kujenga siku ya pili yake. Ulipopanda kutoka ufukweni ulipita karibu na banda jipya lenye bati na mlango wa kufuli. Ndani yake hamna kitu. Watu wameomba waweke nyavu, wengine nazi, na kamati imekataa, kwa sababu banda lile lina mwenyewe.

Ndiyo maana leo hukuona tabua ya ombi. Tunaomba sana usilichukue hili kama upungufu wa heshima kwako. Wazee wamesema ombi ni lile lile na tabua yake ilishatolewa, nayo bado iko huko ilikopokelewa. Kutoa ya pili kwa neno moja kungekuwa kukiri kwamba ile ya kwanza haikuwa na uzito, na hilo wazee wetu hawawezi kulikiri.

Tunafahamu pia desturi ya siku kama hizi kuja na zawadi. Kwa miaka mitatu tumepokea fulana, kofia na mabango, na tunashukuru kwa dhati. Zipo fulana ambazo watu wanazilimia hadi leo. Tukiulizwa safari hii, tunaomba fedha za fulana ziingie kwenye petroli.

Endapo boti itachelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako, tunaomba katika kipindi hicho sanduku la dawa za kuachia tumbaku likae hapa hapa kijijini, chini ya kufuli, kwa nasi ni koro wetu, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye yuko tayari kufundishwa namna ya kuzitoa. Tunalitaja hili kwa hofu, kwa sababu hatutaki sanduku lije likahesabiwa kuwa ndiyo boti. Yapo na mengine, likiwemo la ndugu zetu wanaolima suki na wanaouliza watapanda nini badala yake. Hilo ni zito, wana haki ya kujibiwa, na tutaliandika kwa barua yake.

Mwaka huu wanaume 31 na kina mama wanne wamejiandikisha kuacha. Hatujachimba shimo. Kamati ilionelea wasisimame mbele ya watu kwanza, mpaka tujue dawa zitawafikia kwa njia gani. Majina yao anayo katibu, na wanasikiliza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunakuomba leo usitupe ahadi. Tunaomba utupe jina la ofisa atakayelipokea jalada hili, na tarehe ambayo katibu wetu ampigie simu. Ukitutajia hayo mawili kabla bilo ya mwisho haijamiminwa, tutakuwa tumepata zaidi ya tulichopata kwa miaka mitatu.

Jalada lenyewe tunakukabidhi sasa. Ndani yake mna barua ya mwaka wa kwanza, bei za maduka matatu zilizohuishwa mwezi huu, picha ya banda, na ukurasa wa daftari la kina mama unaoonyesha zile dola 2,140.

Vinaka vakalevu.

Risala hii imeandaliwa na kamati na kusomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakijiji wote.