Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanakwaya, Tabora

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba kinanda bado kibovu na ada bado zinaletwa kwa kubembelezana. Muda wangu uliobaki ni wa mwalimu wetu, aliyeomba mwaka huu apumzike kusimama mbele.

Aliingia nchini mwaka 1972, mtoto aliyeshika kanga ya mama yake, wakikimbia mauaji ya Burundi. Wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, wakapewa pori wafyeke walime. Kiswahili alikiokota kwenye kwaya. Anakiri kwamba alikuwa anaimba besi miezi mingi kabla hajajua anaimba nini. Solfa, yaani noti za herufi, alifundishwa kwa mkaa juu ya mlango wa bani la kukaushia tumbaku: d, r, m, nukta mbili kutenga mapigo, kistari kushikilia sauti. (Vile vistari ambavyo sauti ya pili bado mnaviruka.)

Wageni hutuuliza kwa nini kila mwimbaji wetu anaweza kuongoza. Wakati ule mkimbizi hakutoka kwenye makazi bila kibali. Safari moja kwaya ilialikwa mjini, kibali chake kikachelewa, gari likaondoka yeye amebaki barabarani. Waliobaki na wimbo walikuwa vijana wasiojua hata kutoa sauti ya kuanzia. Waliimba vibaya sana, naweza kushuhudia kwa sababu nilikuwemo. Tangu siku hiyo kila zoezi alimtoa mtu mmoja kwenye mstari, akamsimamisha mbele, yeye akaenda kukaa nyuma. Tulidhani ni adhabu.

Mwaka 2010 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi lake, wakimbizi wa Burundi wa 1972. Vyeti vilianza kutolewa 2014. Alipopata chake alihamia hapa mjini, akaendelea na mtindo uleule wakati hakuna tena kibali cha kusubiri.

Kwa hiyo kamati haikutangaza nafasi wala kutafuta mwalimu wa nje. Waongozaji watapokezana kwa mwezi, orodha imebandikwa mlangoni. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi kamili, si saa kumi na nusu.

Mzee ameomba kiti kwenye besi. Nimemkubalia. Besi, mjiandae, anasikia kila kitu.

Mwenyekiti