Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: nani anayasahihisha mazoezi ya pamoja?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bombo. Mimi ni raia na mzazi wa askari, na jambo langu ni moja tu: nani hukagua mazoezi ambayo vikosi vyetu vya nchi kavu na vya anga hufanya pamoja.

UPDF, jeshi letu la Uganda, ilipoanza Operesheni Shujaa nchini Kongo mwishoni mwa Novemba 2021, ndege na mizinga vilitangulia kupiga kambi za waasi wa ADF, askari wa miguu wakafuata. Ndivyo vita vya sasa vilivyo. Lakini wa nchi kavu wana makao yao hapa Bombo, wa anga wako Entebbe, Kikosi Maalumu kina kamandi yake, na kila upande una wakufunzi wake na fahari yake. Maofisa hukutana Kimaka, Jinja, kwenye chuo cha ukamanda. Vizuri. Ila koplo mwenye redio porini hajapita Kimaka, na huenda yeye ndiye atakayeomba helikopta.

Marekani, pamoja na fedha zake zote, iliingia Grenada mwaka 1983 ikakuta askari wake wa nchi kavu hawasikilizani kwa redio na meli zao wenyewe. Mwaka 1986 Bunge lao likapitisha sheria ya Goldwater-Nichols, iliyompa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi jukumu la sera za mafunzo ya pamoja. Halikungoja majenerali wakubaliane, wasingekubaliana.

Sisi tumezika watu wetu pia. Agosti 2012 helikopta 3 za kivita aina ya Mi-24 zilianguka Mlima Kenya zikielekea Somalia, askari 7 wakafa. Mei 2023 Al-Shabaab walivamia kambi yetu ya Buulo Mareer, Somalia, wakatuulia askari 54. Sisemi misiba hiyo ilitokana na mazoezi mabovu. Nauliza tulichojifunza kwayo kiliandikwa kwenye daftari la nani, na ni ofisa gani hulifungua daftari hilo kabla ya zoezi jipya kupangwa.

Zoezi linapofungwa, sisi raia huona gwaride, hotuba na picha za wageni waalikwa. Kilichoharibika hatukioni, na sidai kitangazwe redioni. Adui naye anasikiliza. Ninachotaka ni kwamba waliopanga zoezi wasiwe ndio wanaolitolea alama. Mwanafunzi hajisahihishii mtihani.

Tafadhali usituundie tume. Tume tunazo za kutosha. Wakaguzi wachache wanatosha, wasio chini ya kamandi yoyote inayokaguliwa, wawe na ruhusa ya kukaa na yule koplo na kusikia alichojibiwa redioni. Kila kasoro iandikwe pamoja na cheo cha anayepaswa kuirekebisha na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, zoezi linalofuata lianze kwa kupima kasoro hiyohiyo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kutueleza mafuta ya ndege yaligharimu kiasi gani. Kama rubani alimwelewa aliyekuwa chini, hiyo si kazi yake, na sijui kwa nini tumejifanya kwamba hesabu za fedha zinatosha.

Sheria ya UPDF ya 2005 imefanyiwa marekebisho mwaka 2025, kwa hiyo haishindikani kuigusa tena. Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Ndani ipewe orodha ya kasoro zilizobaki wazi, faraghani, kabla bajeti ijayo haijasomwa mwezi wa Juni.

Wako mtiifu,
Mzazi wa askari, Bombo