Mafunzo ya dayalisisi ya nyumbani yasiishie kwa mzee peke yake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zenye wazee wanaofanya dayalisisi ya tumbo nyumbani, na pia hospitali zinazowafundisha. Mamangu ni mmoja wao, ana zaidi ya miaka 70, na mimi ndiye ninayekaa nae hapa Likoni.

Kwa wasioijua, hii ni ya wale ambao figo zimeshindwa kazi, lakini si ile ya mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa anawekewa mpira mwembamba tumboni, anatiwa maji ya dawa kama lita 2, yanakaa masaa kadhaa yakivuta uchafu, kisha yanatolewa na kutiwa mengine. Wengi wanabadilisha mara 4 kwa siku. Sasa piga hesabu, kwa mwezi ni mara 120 mpira ule unafunguliwa na kuunganishwa, na kila mara kidole kikigusa ile ncha au mtu akiikoholea, vijidudu vina njia ya kuingia hadi tumboni.

Mzee mikono inatetemeka, jicho lina mtoto wa jicho, vidole vimekakamaa, halafu anafundishwa yeye peke yake siku chache na kupewa makaratasi ya kwenda kusoma nyumbani! Kwetu ilikuwa hivyo na iliniuma sana. Mzee afundishwe, sawa, lakini anayeishi nae afundishwe vilevile mpaka aweze kuifanya mbele ya nesi bila kukosea, na wote wawili warudie mafunzo mzee akishalazwa, akipata maambukizi, au macho yakizidi kufifia.

Na kuna mambo ya kwetu huku Pwani. Joto letu mwalijua lakini wakati wa kubadilisha maji feni izimwe na madirisha yafungwe manake upepo unapeperusha vumbi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, mfereji ukiwa mkavu basi mtu akumiminie kwa kata, usitumbukize mikono kwenye beseni, na usijifute kwa leso uliyojifunga tangu asubuhi, tumia tishu safi. Wengine wanapasha mfuko kwa kuulaza kwenye maji moto, hapana jamani, maji yale yanabaki pale kwenye mdomo wa mfuko na vijidudu vyake.

Lililo gumu ni wageni. Mzee akiugua watu huja kumjulia hali, wanaingia mpaka chumbani na kukaa kitandani, na kumwambia shangazi atoke inaonekana ni kukosa adabu. Mwambieni tu kwa upole, "shangazi tuwie radhi, tungoje sebuleni kidogo, mama anabadilisha maji", ataelewa. Atakayebaki ndani avae barakoa, na mgonjwa pia avae.

Maji yanayotoka yanatakiwa yawe maangavu, rangi ya manjano hafifu. Manesi wanafundisha uweke mfuko juu ya gazeti, kama herufi hazisomeki kupitia maji basi yamechafuka. Lakini mwenye mtoto wa jicho hata gazeti lenyewe halisomi, kwa hivyo mwenye macho mazima ndiye atazame, kila mara, hata mzee akisema yako sawa. Wazee wengine hata homa hawapati, tumbo linauma kidogo tu wanadhani ni gesi. Maji yakiwa na ukungu usingoje kesho wala usikimbilie vidonge vya dukani, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na mfuko wenyewe ukapimwe, kuchelewa kunaweza kuharibu ngozi laini ya ndani ya tumbo akarudishwa kwenye mashine, na wapo wanaofariki.

Haya yanazuilika. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa dayalisisi hii, ISPD, mwaka 2022 kilisema kituo kisizidi wastani wa maambukizi 0.4 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani kama mara moja kila miaka miwili na nusu. Kule Ufaransa manesi wanaenda mpaka majumbani kuwabadilishia wazee wasioweza wenyewe na bima ya taifa inalipa. Naomba kaunti na SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali, wakae waliangalie hili, hata tuanze na nesi wa kupita mara mbili kwa mwezi kukagua mpira na kutazama vile kazi inafanywa, na waanze na wale wazee ambao watoto wote wako Nairobi au Arabuni na nyumbani amebaki mjukuu wa shule ya msingi.

Mlezi wa mgonjwa,
Likoni, Mombasa