Risala ya Baraza la Watoto la Shehia kwa Mgeni Rasmi, Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha, masheikh na walimu wetu wa chuo cha Kurani, wazee wetu, watoto wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuziacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Leo tuna jambo moja la kukueleza, nalo ni muhali, yaani kuoneana haya hata anayemdhalilisha mtoto asishitakiwe.

Mheshimiwa, sheria tunayo. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Mwaka huohuo kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kituo cha mwanzo cha Mkono kwa Mkono, ambako mtoto hukutana na daktari, polisi na ofisa wa ustawi wa jamii mahala pamoja. Lakini kesi nyingi hufia majumbani. Aliyemdhalilisha mtoto mara nyingi ni jamaa au jirani, mtu tuliyefuturu naye sahani moja. Wazee hukaa wakasema, "Yaishe, tusitiriane," na mtoto akaambiwa anyamaze. Hata kesi ikifika mahakamani, shahidi hatokei. Anayesitirika ni yule mkubwa, na mtoto anaendelea kupishana naye njiani kila siku akienda skuli.

Hatuzilaumu mila zetu, maana ndizo zilizotulea. Jirani akitukuta tunazurura wakati wa chuo hutusimamisha, akaturejesha nyumbani, na mama akamshukuru. Yasiyosemeka kwa mama tunamwambia bibi. Somo ndiye anayemfunda mwari. Kwa hiyo watu wa kutulinda tunao tayari. Tunachotaka ni bibi, somo na ustadhi wajue la kufanya siku mtoto atakapowafungulia moyo: wamsikilize bila ya kumkaripia, wasimkoshe wala wasizifue nguo zake ili ushahidi usipotee, wampeleke kituoni siku hiyohiyo, au wapige 116, simu isiyolipiwa.

Tunaye mwalimu mmoja wa chuoni ambaye bakora ameiweka. Anayekosea kisomo humkalisha karibu yake akarudia naye taratibu. Juzuu Amma tumeihifadhi vilevile, na watoro wamerudi. Tunaomba walimu wenzake wapewe mafunzo, na yeye awe miongoni mwa wasomeshaji.

Tunaomba pia mashahidi wasaidiwe nauli ya kwendea mahakamani, kwani mama mwenye watoto wanne hawezi kuitoa kila kesi inapoahirishwa.

La mwisho ni mahala pa faragha pa kusemea hapa skuli. Stoo iliyo nyuma ya ukumbi huu, ikisafishwa na kutiwa viti viwili na pazia, itatutosha.

Tunaomba kuwasilisha.